Mlango wa stoo ukikwama masika, usikimbilie randa

MASIKA yakishika mkoani Morogoro, kati ya Machi na Mei, mafundi seremala hupata kazi ya aina moja mjini na vijijini. Mlango wa duka umekwama, au wa stoo unasugua sakafu na haufungi mpaka upigwe teke. Fundi anakuja na randa, anapunguza ukingo, mlango unafunga, analipwa na kuondoka. Wote wanaridhika mpaka Septemba.

Ifikapo Septemba mbao zimekauka na kusinyaa. Kilichorandwa hakirudi, hivyo pembeni mwa mlango hubaki uwazi unaoweza kupitisha kidole. Wakati huo mahindi ya msimu yako stooni, nao panya wanaongezeka. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) umeonyesha kwamba panya shamba huzaliana kwa kufuata mvua, na idadi yao hupanda baada ya masika hadi kufikia kilele wakati wa kiangazi. (Morogoro inasifika duniani kwa panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wanaoingia stooni si hao.)

Panya mdogo hupita kwenye uwazi wa milimita 6, na panya wa nyumbani aliye bado mchanga hupita kwenye milimita 12. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye magunia 30 ya kilo 100 anayesubiri bei ya Januari. Akipoteza kilo 3 tu kwa kila gunia, zimekwenda kilo 90, karibu gunia zima. Alinganishe bei ya gunia hilo na ya skrubu 6 za bawaba. Hapo hatujahesabu punje zilizochafuliwa kwa kinyesi na mkojo, ambazo mnunuzi makini huzikataa, wala ugonjwa. Mwaka 2022 homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama wakiwemo panya, ililipuka mkoani Lindi na kuua watu.

Wanaotumia mifuko isiyopitisha hewa wana hasara nyingine. Mfuko huo huua dumuzi kwa kuwanyima hewa, na tundu moja la jino la panya linatosha kuurudisha kuwa mfuko wa kawaida. Mkulima amelipa bei ya juu ya mfuko, kisha akaacha mlango ukiwa wazi chini.

Tazama bawaba kwanza

Kabla ya kumwita fundi, simama ndani ya stoo mchana, funga mlango, kisha tazama mwanga unaopita kati ya mlango na fremu. Kama mlango umebana kwa usawa kuanzia juu hadi chini, mbao zimevimba kwa unyevu. Lakini kama umebana kwenye pembe ya juu upande wa kitasa, huku pembe ya chini upande huo huo ikiburuza sakafuni, mlango umelala. Bawaba ya juu imelegea na kuuacha uiname mbele. Kwa maoni yangu, milango mingi inayorandwa masika ni ya kundi hili la pili, na randa haikuwa dawa yake.

Kulegea huko kuna sababu. Mlango wa mninga au mkongo ni mzito, na uzito wake unapoegemea mbele, bawaba ya juu ndiyo inayovutwa. Mafundi wengi hutumia skrubu fupi zinazoshika fremu juu juu tu. Watoto wakiubembea, au magunia yakiegemezwa juu yake, tundu linapanuka na skrubu inazunguka bila kukaza.

Mtu mwenye bisibisi anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe. Weka kabari au kipande cha ubao chini ya mlango, upande wa kitasa, mpaka uinuke na kukaa sawa. Kisha kaza skrubu zote za bawaba ya juu. Zikizunguka bila kushika, zitoe, jaza matundu kwa vijiti vikavu vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke hadi kesho yake, kisha rudisha skrubu. Dawa ya kudumu zaidi ni kubadilisha skrubu moja au mbili za bawaba hiyo ya juu na kuweka za inchi 3, ambazo hupita fremu na kushika ukuta. Ukuta ukiwa wa tofali, tumia na plagi ya plastiki, la sivyo skrubu itang'oka na udongo.

Kama bawaba zote zimekaza na pembe ya chini bado inaburuza, geukia bawaba ya chini. Ifungue upande wa fremu, weka kipande cha boksi gumu nyuma yake, uifunge tena. Unene wa milimita moja hapo husukuma sehemu ya chini ya mlango kuelekea kwenye kitasa, na pembe iliyolala huinuka. Wasomaji wengine watashangaa kwamba pembe ya mbele inainuliwa kwa kusogeza bawaba ya nyuma, lakini ndivyo mlango ulivyo.

Milango ya chuma, ambayo sasa imeenea kwenye maghala, bawaba zake zimechomelewa na hazina skrubu. Ikiwa ni zile za kuchomeka, nyanyua mlango kwa msaada wa mtu mwingine, tia washa moja katika kila pini, weka grisi, kisha ushushe. Mlango utapanda kwa unene wa washa hiyo.

Mbao zikiwa zimevimba kweli

Hapa mahali mlango ulipo panahusika. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko mji wa Morogoro. Mlango uliotengenezwa mjini kwa mbao kavu ukapandishwa Kinole utanyonya unyevu hata kama fundi hakukosea. Mninga na mtiki, unaopandwa Mtibwa na bonde la Kilombero, hutulia. Mkaratusi hupinda na kusinyaa sana, na bei yake ndogo huvutia hadi kiangazi kifike.

Mlango wa namna hiyo uvumilie masika yapite. Paka sabuni ya mche au mshumaa mahali unapogusa. Kama Julai au Agosti bado unabana, hapo randa ina haki yake, nawe utajua kipimo cha kweli. Sehemu iliyorandwa ipakwe rangi au vanishi siku hiyo hiyo. Ukingo wa juu na wa chini upakwe pia. Mafundi huuacha kwa sababu hauonekani, na hapo ndipo mbao hunywa maji zaidi. Chini ya mlango wa stoo pigilia ukanda wa bati, uwazi wa sakafuni usizidi milimita 6.

Wenye maduka ya mjini

Milango ya plastiki ngumu, ambayo wauzaji huiita uPVC, bado ni michache kuliko ya alumini, lakini inaingia madukani. Haivimbi kwa mvua. Inatanuka kwa joto: mlango wa mita 2 hurefuka kati ya milimita 2 na 3 joto likipanda nyuzi 20, na wa rangi nyeusi unaotazama jua la mchana huzidi. Nao huinama kwa uzito wake, hasa ukiwa na kioo.

Dalili yake ni mpini unaohitaji kunyanyuliwa kwa nguvu ndipo ufunguo uzunguke. Usiendelee kulazimisha, kwani kitakachovunjika ni mashine ya kitasa, ambayo ni ghali na si kila duka la vifaa vya ujenzi inayo. Bawaba nyingi za milango hii zina skrubu za kurekebishia, zilizofichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Zinazungushwa kwa alenki, mara nyingi ya milimita 4 au 5. Moja husogeza mlango kulia na kushoto, nyingine huupandisha na kuushusha.

Fanya kazi asubuhi kabla ya jua, na kabari ikiwa chini ya mlango. Zungusha robo mzunguko, funga, tazama, ndipo uongeze. Ukipandisha, zungusha bawaba zote kwa kiasi kile kile ili uzito usibaki kwa moja. Ukiwa umelala, vuta bawaba ya juu kuelekea kwenye ukuta wake kabla ya kugusa ya chini. Anayenunua mlango mpya amtake fundi amwonyeshe skrubu hizo siku ya kufunga, na amwachie alenki.