Kabla ya Kupaka Ndimu Kichwani

Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, wasichana wawili walinifuata nje ya kanisa. Harusi ya mwenzao ilikuwa imekaribia, nao walitaka nywele zao ziwe za kahawia bila kulipa gharama ya saluni. "Sista," mmoja akaniuliza, "ni kweli kwamba ndimu na asali vinapunguza weusi wa nywele?"

Kabla sijajibu, mama mmoja aliyekuwa karibu akicheka alitugeuzia mgongo tumwone mwanawe aliyembeba. "Mnahangaika bure! Huyu wangu zimegeuka kahawia zenyewe, wala sijampaka kitu."

Niliacha habari ya ndimu nikaomba nimshike yule mtoto. Nitaeleza baadaye nilichokiona. Kwanza niwajibu wale mabinti, maana najua wasomaji wengi mna swali hilohilo.

RANGI INAKAA WAPI?

Kila unywele umefunikwa na magamba madogo sana, yaliyopangwa kama vigae vya paa. Rangi, iitwayo melanini, iko ndani, chini ya magamba hayo. Nywele zetu Waafrika zina melanini nyeusi kwa wingi. Ili ziwe nyepesi kwa rangi, lazima kitu kipenye ndani na kuivunja. Unywele ukishapoteza rangi yake hauirudishi tena. Itakubidi usubiri uote mwingine, na nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi, au pungufu.

VITU VYA JIKONI

Asali. Hii ndiyo ya upole kuliko zote. Asali mbichi ikichanganywa na maji hutoa kiasi kidogo sana cha dawa ileile inayotumika saluni kuondoa rangi, yaani haidrojeni peroksaidi. Chukua kijiko 1 cha asali ambayo haijapashwa moto, changanya na vijiko 4 vya maji yaliyochemshwa yakapoa, uache kwa nusu saa. Paka kwenye nywele safi zenye unyevu, funika kwa mfuko wa nailoni kwa saa moja, kisha osha na upake mafuta. Unaweza kurudia mara moja kwa wiki. Lakini nisikudanganye: kwa nywele nyeusi sana huenda usione mabadiliko yoyote, au uone wekundu kidogo tu ukisimama juani.

Ndimu na limao. Wengi hupaka maji yake kisha hukaa juani. Acheni kabisa, hasa ndimu. Maji yake yakiwa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huungua. Siku hiyo hutasikia kitu. Kesho yake au keshokutwa ndipo malengelenge hutokea kwenye paji la uso, shingoni na masikioni, na madoa yake meusi huweza kubaki kwa miezi. Nimewahi kumfunga vidonda binti aliyefanya hivyo. Ikikupata bahati mbaya, osha kwa sabuni na maji, kaa kivulini, usitumbue malengelenge, nenda zahanati. Zaidi ya hayo, maji ya ndimu ni makali, hukausha nywele zetu ambazo tayari ni kavu kwa asili, zikakatika.

Magadi. Yale tunayotilia maharage yaive upesi hufumua magamba ya unywele na kuudhoofisha. Yaacheni kwenye sufuria.

Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Hii si ya mwili wa binadamu hata kidogo. Huunguza ngozi na macho. Ikichanganywa na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu inayoweza kukudhuru mapafu ukiwa palepale bafuni.

Hina. Haiondoi weusi, bali huongeza wekundu juu yake. Hina safi ya majani ni salama kwa watu wazima wengi. Ile inayoitwa hina nyeusi mara nyingi huchanganywa na dawa zinazoweza kuvimbisha uso na kichwa. Wala msimpake hina mtoto mchanga, kwa kuwa wako watoto ambao damu yao huharibika kwa sababu hiyo.

Chochote utakachotumia, kijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono na usubiri siku mbili.

NYWELE ZIKIBADILIKA ZENYEWE

Sasa turudi kwa yule mtoto. Alikuwa na miaka miwili kasoro, ameachishwa ziwa kwa sababu mama yake alikuwa mjamzito, na chakula chake kilikuwa uji mtupu wa mahindi asubuhi na jioni. Nywele zilikuwa za kahawia, laini, nyembamba, na nilipozigusa zilinibaki mkononi. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba; palibaki shimo. Mama alidhani amenenepa. Kumbe ni maji. Ilikuwa kwashakoo, utapiamlo mkali.

Melanini hutengenezwa mwilini kutokana na chakula. Mtoto asipopata vyakula vya kujenga mwili, nywele hupoteza weusi, hali huyo mtoto huwa mnyonge, hacheki, hataki kula. Ukiona nywele zinabadilika rangi na miguu imevimba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usijaribu kumshindilia chakula nyumbani. Mwili wake umedhoofika, na hospitali wanayo maziwa maalumu ya kumwanzishia kidogokidogo. Usitulizwe na mizani peke yake, kwa maana uvimbe huongeza uzito.

Kinga yake iko jikoni. Tia karanga zilizosagwa au dagaa waliopondwa kwenye uji. Mpe maharage, yai, maziwa, mboga za majani na matunda, mara nne au tano kwa siku, kidogokidogo. Na ukipata mimba nyingine, usikimbilie kumwachisha mkubwa ziwa.

Yule mama alilia sana, akasema, "Nilikuwa namsifia." Tulikwenda naye hospitali jioni ileile. Mtoto alilazwa, akapona, na baada ya miezi michache nywele mpya ziliota nyeusi kutoka kwenye ngozi. Sijawahi kuona weusi wa kupendeza kama ule.

Wale mabinti nao walijaribu asali, wakaona tofauti ndogo, mwishowe wakasuka nywele zao zilivyo na wakapendeza. Sisemi kujipamba ni dhambi. Lakini Mtume Petro (1 Petro 3:3-4) anatukumbusha lilipo pambo la thamani, nalo halinunuliwi dukani wala halikamuliwi kwenye ndimu. Jumapili hii, akina mama, tukimaliza kujitazama kwenye kioo, tuwatazame na watoto wetu vichwani.