Safari ya Petroli hadi Katumba

Huko Katumba, karibu na mji wa Mpanda, pikipiki na malori hubeba mahindi, abiria na wagonjwa. Injini zake hupata nguvu kwa kuchoma petroli au dizeli. Je, mafuta hayo hutoka wapi, na kwa nini bei yake hupanda na kushuka?

Tanzania haichimbi mafuta ya petroli. Huletwa kwa meli kutoka nchi za nje, yakiwa yamekwisha kusafishwa. Katika kusafisha, mafuta ghafi hupashwa moto sana mpaka yatoe mvuke. Mvuke huo hupanda ndani ya mnara mrefu. Dizeli hupoa na kuwa kimiminika mapema; mvuke wa petroli, ambao ni mwepesi zaidi, hupanda juu zaidi kabla ya kupoa.

Kutoka bandari ya Dar es Salaam, malori ya matangi husafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mpanda. Lori lenyewe huchoma dizeli njia nzima! Ndiyo sababu bei ya kikomo itangazwayo kila mwezi na EWURA huwa kubwa Mpanda kuliko Dar es Salaam.

Lakini urefu wa barabara haubadiliki, na bei hubadilika. Sababu nyingine iko mbali. Mwaka 1973 nchi kadhaa za Kiarabu zilipunguza mafuta ziliyokuwa zikiuza. Pipa moja, yaani lita 159 hivi, lilikuwa likiuzwa kwa dola 3 hivi. Mwanzoni mwa mwaka 1974 lilikaribia dola 12. Visima havikukauka, ila wanunuzi walihitaji mafuta mengi kuliko yaliyoletwa sokoni. Katika miaka hiyo Serikali yetu ilizuia magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, bei ilipanda tena, na lita moja ya petroli ikapita shilingi 3,000 hata Dar es Salaam.

Mtu aweza kuahirisha kununua shati jipya, lakini hawezi kuahirisha kumpeleka mgonjwa hospitalini. Kwa hiyo bei ya petroli ipandapo, watu hupunguza matumizi kidogo tu, na upungufu mdogo wa mafuta huleta bei kubwa. Nauli hupanda, na bei ya mahindi yanayosafirishwa hupanda pia.

Dereva hawezi kuamuru bei, lakini aweza kupunguza mafuta anayochoma. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea, na injini hutumia nguvu nyingi kulizungusha. Kuondoka kwa kishindo na kufunga breki mara kwa mara hupoteza nguvu. Injini inayonguruma chombo kikiwa kimesimama huchoma petroli bila kusogea hata hatua moja.

Zoezi: Mwendesha pikipiki hutumia lita 4 kwa siku. Baada ya kujaza upepo na kuendesha taratibu, hutumia lita 3 na nusu. Ikiwa lita moja ni shilingi 3,000, ataokoa shilingi ngapi kwa siku 6?