Mwalimu Asiyeujua Mto Atawafunza Nini Watoto wa Mto?

Katika muda wa miaka michache iliyopita, nchi hii imebadili mengi katika elimu. Mtaala wa umilisi ulianza kufundishwa rasmi madarasani mwaka 2019. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu wa shule za msingi viliuacha ule mpango wa cheti cha P1 na kuanza kutoa diploma ya miaka mitatu. Vitabu vimeandikwa upya, na wazazi wametokwa na jasho wakitafuta vifaa ambavyo hawakuvisikia walipokuwa shuleni. Hayo yote huenda yakawa na kheri. Hata hivyo, naona pengo moja ambalo halizibiki kwa kitabu wala kwa tarakilishi. Mwalimu tunayemwandaa hafunzwi namna ya kupajua mahali anapokwenda kufundisha.

Pendekezo langu kwa wakuu wa elimu ni hili: mwalimu mwanafunzi yeyote asihitimu kabla hajautembea mto ulio karibu na chuo chake, akawauliza wenyeji jina lake, historia yake, viumbe wanaouishi na mila zilizozaliwa kandokando yake. Baada ya hapo aandae masomo kutokana na yale aliyoyaona na kuyasikia, na masomo hayo yatahiniwe kama yatahiniwavyo masomo mengine.

Najua wapo watakaocheka. Watasema kwamba mto ni mto tu, maji yanayoteremka kwenda baharini. Kwa ajili yao, na tuutazame Mto Tana.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi karibu na Kipini. Huko juu Wagikuyu huuita Thagana, na ndilo jina ambalo wengi wetu tunalijua kwa umbo la Sagana. Mji wa Nairobi, ambao haumo kabisa katika bonde la Tana, hunywa maji yake. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, limejengwa katika Mto Thika, na Thika ni mkono mmoja wa Tana. Mpunga wa Mwea hunyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi, ambayo nayo ni mikono ya Tana. Ukiwasha taa nyumbani, huenda nguvu yake imetoka katika mabwawa ya Tana: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Je, ni walimu wangapi walio Nairobi wanaoweza kumwambia mtoto anayefungua mfereji asubuhi kwamba maji yale yametoka wapi, na kwamba ndugu zao yapo njiani kuelekea Garissa, Hola na Garsen?

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikulia Ihithe, huko Nyeri, katika nchi ambayo vijito vyake hatimaye humiminika katika Tana. Katika kumbukumbu za maisha yake aliusimulia mugumo uliokuwa karibu na kwao. Mama yake alimkataza asiokote kuni chini ya mti huo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na hapo palikuwa na kijito alikochezea mayai ya vyura. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta mugumo umekatwa kupisha majani chai, na kijito kimekauka. Ndipo alipofahamu kwamba mizizi ya mti ule ilikuwa na kazi ya kuyashika maji ya ardhini, na kwamba mwiko wa wazee ulikuwa umebeba elimu ya mazingira hata kabla ya neno hilo kuzoeleka. Mwanafunzi wa ualimu anayesomea Nyeri anaweza kuufikia mto kwa miguu. Akifundishwa kuuliza, atafahamu katika siku moja yale ambayo Profesa Maathai aliyafahamu baada ya mti kukatwa.

Tuteremke sasa hadi Hola. Hapa mto hubeba historia nzito. Mnamo tarehe 3 Machi 1959, mahabusu waliotuhumiwa kuwa sugu wa Mau Mau walilazimishwa kuchimba mfereji wa kunyweshea mashamba. Walipokataa walipigwa marungu, na 11 kati yao wakafa. Serikali ya kikoloni ilidai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Hebu litafakari hilo, mpenzi msomaji. Maji ndiyo yaliyosingiziwa damu ya watu 11! Wengi wa mahabusu wale waliletwa kutoka nchi za juu, kule kule ambako Tana huanzia. Mtoto wa Hola na mtoto wa Murang'a wamefungwa kwa kamba moja ya historia, na kamba hiyo ni mto. Ni hapo hapo Hola ambapo mwaka 1989 mto ulihama, ukauacha mradi wa umwagiliaji hauna maji, na mashamba yakafa. Mwalimu aliyesoma jiografia vitabuni anaweza kukariri jinsi mto unavyopinda na kuhama. Mwalimu aliyesimama kwenye mkondo mkavu hana haja ya kukariri.

Karibu na bahari mambo huzidi kunoga. Zamani Tana haukutokea baharini pale Kipini. Mto uliotokea hapo ni Ozi. Katika karne ya 19 watu walichimba kwa mikono mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili ili vyombo vipite. Mto nao ukaipenda njia ile, ukaifuata na kuipanua, hata ikawa ndiyo njia yake kuu. Wahenga husema maji hufuata mkondo, lakini hapa mkondo ulifunguliwa na majembe ya watu. Katika misitu ya kingo za Tana wanaishi mbega wekundu na nyani wadogo waitwao mangabei, aina mbili ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Katika matope ya delta wamo kamongo, samaki ambao kiangazi kikija hujichimbia ardhini na kulala hadi maji yarejee.

Halafu wapo watu. Wapokomo ni wakulima wa ukingoni, na tangu jadi wamelima kwa kufuata mafuriko: maji yakipanda huleta rutuba, yakishuka watu hupanda. Waorma ni wafugaji, na mifugo yao huteremka mtoni kupitia njia maalumu ziitwazo malka. Kila upande una baraza lake la wazee: Gasa kwa Wapokomo na Matadheda kwa Waorma. Mabwawa ya juu yaliyapunguza mafuriko ya kawaida, mashamba yakapanuka na malisho yakapungua, na siasa ikaongeza kuni motoni. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ile. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 2012 delta ya Tana ilitambuliwa rasmi chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ulimwengu ulitambua thamani ya ndege na nyasi zake wakati ambapo wenyewe walikuwa wakizika maiti.

Hapo ndipo mwalimu anapoingia. Darasa moja katika delta huweza kuwa na mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji kwenye dawati moja. Mwalimu ambaye hajui malka ni nini atawaambia nini watoto hao siku baba zao wakitazamana kwa macho mekundu? Walimu wetu hupelekwa kokote nchini. Kijana wa Kisii hupelekwa Garsen, na binti wa Kitui akapelekwa Bura. Huko hufika na shajara ya masomo, chaki na hamu ya kuhamishwa. Sitamlaumu. Hakuna aliyemfunza jinsi mgeni anavyokaribia mahali na kupajua.

Niliwahi kuandamana na kundi dogo la walimu wanafunzi hadi ukingo wa Tana, mwendo mfupi kutoka Garsen. Mkufunzi wao alikuwa na busara ya kunyamaza. Mzee mmoja alituonyesha mtumbwi aliokuwa akiuziba, kisha akatueleza ni miti gani ifaayo kuchongwa na ni ipi ambayo huachwa isimame. Binti mmoja wa nchi za juu akauliza kwa nini kulikuwa na ukanda mpana usiolimwa katikati ya mashamba mawili mazuri.

"Hiyo ni malka, mwanangu," mzee akamjibu. "Ukilima hapo, umemfungia mwenzio mlango."

"Na mwenye shamba akilima kwa nguvu, mzee?"

"Basi ng'ombe watakula mahindi, na sisi tutakuwa na kesi mpaka mvua inyeshe."

Wote wakacheka, ila yule binti aliendelea kuandika. Nilichungulia daftari lake. Alikuwa amechora ramani ya ukanda ule, akaupa jina lake, na chini yake akaandika maswali saba ya kuwauliza wanafunzi. Nadhani siku ile aliondoka na somo zima la mitaala ya jamii, ambalo halimo katika kitabu chochote alichopewa.

Wala si mitaala ya jamii peke yake. Mto ni maktaba ya masomo yote. Katika hisabati, watoto wapime mita 20 ukingoni, warushe kipande cha mti majini na kuhesabu sekunde. Kikipita katika sekunde 25, maji yanakwenda sentimita 80 kwa sekunde, na hesabu ya kugawanya imepata maana. Katika sayansi, wachote maji katika chupa ya kioo, wayaache yatulie usiku kucha na kupima tope lililozama. Watauliza wenyewe limetoka shamba la nani. Katika Kiswahili, wakusanye ngano na vitendawili. Na katika muziki, waambiwe jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui: wimbo wetu wa taifa, uliotungwa mwaka 1963, ulipata sauti yake kutoka kwa bembelezi ya Wapokomo. Kila taifa linaposimama wima, huwa limesimama kwa sauti ya mama wa mtoni akimtuliza mwanawe. Mtoto wa Ngao akilijua hilo, hataona haya tena kutamka anakotoka.

Zipo pingamizi tatu ambazo sitazipuuza. Ya kwanza ni ya wazazi. Wengi wetu tuna kumbukumbu chungu ya elimu iliyoitwa ya kijijini. Mwaka 1925 wakoloni walifungua Jeanes School pale Kabete kuwaandaa walimu wa kuendeleza maisha ya vijiji, na Waafrika wengi walishuku kwamba nia ilikuwa kuwafunga watoto wao kwenye jembe huku elimu ya juu ikibaki ya wengine. Shaka yao ilikuwa na msingi. Ninachokiomba mimi ni kinyume cha hayo. Mtoto aujue Tana ili aweze kusoma pia Nile na Rhine kwa akili iliyokwisha kuzoea kuuliza. Kwa miaka mingi vijana wetu wa sekondari wamesoma jinsi Uholanzi ilivyoinyang'anya bahari ardhi. Ni elimu nzuri, lakini Belezoni nayo ilichimbwa na watu, tena wetu.

Pingamizi ya pili ni usalama. Tana una mamba na viboko, na mafuriko yake hayana mzaha. Mwezi Aprili 2024 boti ilizama huko Kona Punda na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo safari hizi zifanywe kwa ruhusa, msimu wa maji machache, na kwa kuongozwa na wenyeji. Heshima kwa mto ndiyo somo la kwanza ambalo mwenyeji atampa mgeni.

Ya tatu ni fedha. Hapa sioni mzigo mkubwa. Chuo cha Kamwenja kiko Nyeri, cha Kigari kiko Embu, na cha Garissa kiko mjini ambapo Tana hupita. Vyuo hivyo vitatu vimo katika bonde moja. Kila kimoja kikiwatoa wanafunzi wake kwa wiki mbili, kikakusanya majina, visa, miti, samaki na nyimbo za kipande chake cha bonde, kisha wakapelekeana madaftari, tutakuwa na kitabu cha Tana kutoka chemchemi hadi jangwani kilichoandikwa na walimu wenyewe. Wazee watakaofundisha walipwe posho kama alipwavyo mhadhiri mgeni, kwa maana ndivyo walivyo. Na tufanye hima, kwani wazee hawatungoji. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wakishazikwa, neno hilo atatwambia nani?

Wizara ya Elimu na wakuza mitaala wanaweza kuanza na chuo kimoja na muhula mmoja. Waliweke zoezi hili ndani ya mazoezi ya kufundisha, walipe alama, na mkufunzi aende na wanafunzi wake akiwa mwanafunzi pia. Aidha, mwalimu mpya afikapo katika shule ya mbali, mwalimu mkuu ampe juma lake la kwanza kuyajua maji ya mahali hapo kabla ya kumkabidhi darasa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwalimu wa kuwavusha watoto hawa naye sharti aundwe, na miti ya kumuundia imesimama ukingoni.