Dawa ya Wadudu Iliyogeuzwa Silaha

Mkulima wa pamba anaijua dawa ya kuua wadudu. Inaokoa mazao yake. Lakini baadhi ya dawa hizo ni za ukoo mmoja na sumu za vita. Je, ilikuwaje?

Mwaka 1936, huko Ujerumani, mtaalamu wa kemia aitwaye Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa mpya ya wadudu. Mwezi wa Desemba alipata moja kali mno. Tone dogo lilimwagika mezani. Basi, yeye na msaidizi wake wakaona giza machoni, na kupumua kukawa kwa taabu. Walikaa wiki kadhaa ndipo wakapona.

Wakati ule Ujerumani ilitawaliwa na Hitler. Jeshi likaichukua sumu ile. Iliitwa tabuni. Mwaka 1938 ikapatikana nyingine kali zaidi, sarini. Wajerumani walitengeneza maelfu ya tani za tabuni, ila hawakuitumia katika mapigano ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita, mataifa makubwa yaliichukua siri hiyo, nayo yakatengeneza sumu zao.

Sumu hii inauaje?

Mishipa ya fahamu hupeleka amri kwa misuli ikaze. Halafu mwili huifuta amri hiyo ili misuli ilegee. Sumu hii inazuia kufuta. Amri inabaki pale pale. Mate na machozi humtoka mtu, anatetemeka, mwisho anashindwa kuvuta pumzi.

Tarehe 16 Machi 1988 ndege za serikali ya Saddam Hussein zilidondosha mabomu ya sumu katika mji wa Halabja, nchini Irak. Watu wapatao 5,000 walikufa, wake kwa waume na watoto. Hawakuwa askari. Mwaka 2013 sarini iliua mamia ya watu huko Ghouta, nchini Syria.

Mataifa yalitia saini mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi mwaka 1993. Ulianza kutumika mwaka 1997. Marekani ilimaliza kuteketeza akiba yake mwaka 2023.

Na sisi wakulima?

Baadhi ya dawa za shambani hufanya kazi kwa njia ile ile, ingawa nguvu yake ni ndogo zaidi. Kwa hiyo tusizichezee. Usipulize dawa ukiukabili upepo. Usiiweke pamoja na chakula. Kopo lake likiisha dawa, usilitumie kuchotea maji wala kuwekea mafuta, hata ukiliosha.

Mtu akitokwa na mate mengi na kutetemeka baada ya kupuliza dawa, mvueni nguo zile, mwosheni kwa maji na sabuni, mkimbizeni hospitali. Chukueni na kopo la dawa, mganga asome jina lake. Iko sindano ya kumsaidia, lakini haifai kuchelewa.