Piano Haianzi na Vidole

Siku nilipoombwa kuisindikiza kwaya ya shule yetu kwa piano, niliamini niko tayari. Noti zote nilikuwa nimezihifadhi. Lakini kabla ya ubeti wa pili waimbaji walikuwa wamekwisha kunitangulia, nami bado naitafuta noti kama mtu aliyeangusha sarafu gizani. Wanafunzi hawakucheka. Ukimya wao uliniuma kuliko kicheko.

Kosa langu ndilo la wanagenzi wengi: nilijifunza mahali pa kubonyeza, sikujifunza wakati wa kubonyeza. Noti ina sauti, na ina umri pia. Ipo inayoishi mapigo manne, ipo ya mawili, ya moja, hata ya nusu. Mwanagenzi akifikia noti ngumu husita, pigo likampita, kisha akajisifu kwamba hakukosea noti. Amekosea! Heri noti moja ipotee kuliko pigo.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mpiga piano. Alikifunga kifuniko cha ala yake, akaniagiza nigonge mguu mara nne, taratibu. "Sasa, Mwalimu, sema kipande kimoja cha shairi." Nikakisema, mizani mbili kwa kila pigo. Mizani nane zikaenea katika mapigo manne bila kuzidi wala kupungua. Miaka yote hiyo nimewahesabisha wanafunzi mizani kwa vidole, nisitambue kwamba nawafundisha muziki. (Najua malenga watanikumbusha kuwa mahadhi huzivuta silabi nyingine. Kweli, lakini kwa mwanzo yatosha.)

Kisha mkono wa kushoto ukashika mapigo pajani, wa kulia ukagonga mawili kwa kila moja. Wiki mbili hatukuigusa piano. Metronomu, chombo alichokipatia hataza Johann Maelzel mwaka 1815, ilikuja baadaye: ukiitega kwenye 60 hugonga kila sekunde, na kukufichulia ulipokimbia.

Walimu wenzangu husema shule zao hazina piano. Madawati je? Mtoto wa Pwani aliyekulia penye chakacha anayabeba mwilini mapigo sita, matatu matatu. Mbona tunamketisha na kumwanzishia majina ya noti, kana kwamba hajui lolote?

Juzi niliisindikiza kwaya ile tena. Noti mbili nilizikosa waziwazi, lakini tulimaliza pamoja.