Kukauka, Kushika na Kukomaa: Istilahi za Povu Gumu katika Tangi la Samaki

Wafugaji wa samaki wa baharini hupenda kupamba ukuta wa nyuma wa tangi kwa povu lililochongwa mfano wa mwamba. Mfasiri wa maelekezo ya kazi hiyo hukabiliwa na matatizo ya istilahi ambayo, yasipotatuliwa, huweza kuua samaki.

Tatizo la kwanza ni jina la kitu chenyewe. Povu, kwa maana ya kawaida, ni lile la sabuni au la mawimbi, nalo halidumu. Wengine husema sponji. Lakini sponji hunyonya maji, ilhali kitu hiki ni kikavu, chepesi, chenye vijishimo vingi vilivyofungia hewa. Tunapendekeza povu gumu. Kwa kuwa huelea, hubandikwa kiooni kwa gundi ya silikoni kabla ya kutia maji, kisha hupakwa epoksi au saruji.

Tatizo la pili ndilo kubwa. Mfasiri mwenye haraka huandika: "Ngoja ikauke." Kukauka ni kupoteza maji, na vitu hivi havigeuki vigumu kwa njia hiyo. Silikoni hugeuka kwa kuvuta unyevu wa hewani, ikianzia nje kwenda ndani. Aina zake nyingi hutoa tindikali yenye harufu ya siki. Maadamu harufu ipo, kazi haijaisha. Epoksi huungana kikemia na dawa yake ya kugumisha. Vipimo vikikosewa, sehemu iliyobaki haigeuki kamwe, bali huweza kuvujia majini. Saruji, kinyume kabisa, huhitaji maji ili iwe ngumu. Baadaye hutoa chokaa inayopandisha pH ya maji kupita ile ya bahari, ambayo ni 8.1 hivi. Kwa hiyo hulowekwa katika maji yanayobadilishwa mara kwa mara, mpaka kipimo kisipande tena.

Basi tutofautishe maneno matatu. Kukauka: uso haunati kidoleni. Kushika, kama wasemavyo waashi: kitu hakisogei wala hakibonyei. Kukomaa: mabadiliko yamekamilika mpaka ndani. Embe huweza kuwa la manjano kwa nje, na bado halijakomaa. Ndivyo ilivyo gundi.

Hatimaye, neno salama lisiachwe peke yake. Kiasi cha shaba ambacho samaki wengi hukivumilia huua kamba na matumbawe; na silikoni ya bafuni, isiyomdhuru binadamu, huenda imetiwa dawa ya kuua kuvu ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Mfasiri aandike ni salama kwa nani.

Sentensi iliyo sahihi, basi, ni hii: "Usitie samaki kabla gundi na epoksi hazijakomaa." Anayesoma "zikikauka" atatia samaki jioni ileile, na asubuhi atawakuta wanaelea.