Begi la Kambi Hupangwa Kuanzia Usiku

Kikundi cha vijana kinapotoka Dar es Salaam kwenda kupiga kambi Lushoto mwishoni mwa wiki, mabegi hufungwa katika joto la pwani, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Anayefunga begi huku jasho likimtiririka huwaza fulana, kaptula, spika ya muziki na biskuti. Sweta humwonekea mzigo wa bure. Lakini Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Hizo ni nyuzi 8 zilizopotea kabla jua halijazama, na kati ya Juni na Agosti baridi huuma zaidi. Basi likishapita fukuto la Mombo na kuanza kuzikata kona za Usambara, hakuna tena wa kurudi nyumbani kuchukua blanketi. Kwa hiyo naona begi lipangwe kwa kuifikiria kwanza saa kumi ya usiku, kisha mahitaji ya mchana yapewe nafasi itakayobaki.

Usiku huo adui mkubwa ni ardhi. Wengi hubeba vya kujifunika wakasahau cha kutandika. Ardhi baridi hufyonza joto la mwili unaoigusa, na blanketi jembamba likilaliwa hubanwa, hewa iliyomo, ambayo ndiyo hasa inayotunza joto, ikatoka. Mwenye mablanketi mawili afadhali alikunje moja alilalie juu ya mkeka. Kipande cha godoro la sponji ni bora zaidi. Nguo za kulalia nazo zisivaliwe mchana, kwa kuwa pamba iliyolowa jasho haitunzi joto, ingawa sufu hujitahidi. Zikae peke yake kwenye ndoo yenye mfuniko au zifungwe ndani ya turubai. Rambo, ile mifuko ya plastiki tuliyoizoea, zilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, na kusema kweli hazikuwa kinga ya maana dhidi ya mvua ya milimani.

Atakayesema mzigo utakuwa mzito ana haki, ikiwa kila mmoja atajifungia vyake kana kwamba anahama. Vijana 20 hawahitaji sufuria 20 wala visanduku 20 vya dawa. Vyombo, turubai na chakula viorodheshwe kwa kikundi kizima na kugawanywa kwa wabebaji. Maji pia yaulizwe mapema, maana kila lita ni kilo moja mgongoni, na penye bomba kambini hakuna sababu ya kupanda na madumu.

Wengine hushauri jiko la mkaa liingizwe hemani. Hapo sina mzaha. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje hata likionekana ni majivu matupu.

Kuna pia wazee wa kikundi wanaoamini kwamba kambi ni ya kuwazoesha vijana shida. Shida ya kuwasha kuni mbichi, au ya kusonga ugali wa watu 20, inafundisha kazi. Aliyetetemeka hadi alfajiri amefundishwa nini, zaidi ya kusinzia kando ya njia wakati wenzake wanapanda kwenda Irente kutazama tambarare zilizo chini?